Kuhama Mjini Kwenda Kuishi Kijijini: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kufungasha

Nchini Tanzania, safari ya kutoka kijijini kwenda mjini imechunguzwa na kuhesabiwa kuliko ile ya kurudi, ingawa zote mbili hufanyika kila siku, na mara nyingi na watu wale wale. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Idadi ya wakazi wake, iliyokuwa ikiongezeka kwa asilimia 5.6 kwa mwaka kati ya 2002 na 2012, iliongezeka kwa asilimia 2.1 tu kwa mwaka katika miaka kumi iliyofuata. Kipindi hichohicho mkoa jirani wa Pwani ulipanda kutoka watu milioni 1.1 hadi milioni 2.0. Miongoni mwao wamo waliochoshwa na foleni, na kodi ya nyumba inayodaiwa ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, wakanunua ekari mbili tatu Mkuranga au Kisarawe. Wengine huenda mbali zaidi, hadi kwao hasa: Rombo, Muleba, Makete, Newala.

Sababu ya kuhama huamua mtu atapokewaje. Mstaafu mwenye mafao hufika kwa hadhi. Aliyepunguzwa kazini hufika kimya kimya, akisema amekuja kusalimia, na wiki ya tatu majirani huanza kuulizana. Aliyeachika hufika na watoto, na hukutana na maswali ya mashangazi. Mgonjwa huletwa. Utafiti uliowafuatilia watu wale wale wa Mkoa wa Kagera tangu 1991 hadi 2010 ulionyesha kwamba kurudi kwa wanaume kunahusiana zaidi na kazi kuwashinda, na kwa wanawake kuvunjika kwa ndoa. Mara nyingi, basi, kurudi hakutokani na mpango wa siku nyingi, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia: mtu anarudi mahali anapopajua, kumbe pamebadilika, na watu waliobaki wameshajipanga bila yeye.

Kuwalazimisha watu kurudi kumewahi kujaribiwa na hakukuzaa matunda. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania ilitunga Sheria ya Nguvukazi, na wasio na kazi rasmi walikamatwa mitaani Dar es Salaam wakapelekwa vijijini na kwenye mashamba. Wengi walirejea mjini baada ya muda mfupi, kwa kuwa huko walikopelekwa hawakuwa na ardhi ya maana, mtaji wala ndugu wa kuwapokea. Nchini Zambia hali ngumu ilifanya kazi hiyo bila polisi. Bei ya shaba ilipoporomoka na migodi ya Copperbelt ikapunguza watu, sehemu ya wananchi waishio mijini ilishuka kutoka takriban asilimia 40 mwaka 1980 hadi asilimia 35 mwaka 2000. Mwanaanthropolojia James Ferguson, aliyefanya utafiti kati ya wachimba migodi hao, aliona kwamba waliokuwa wamepeleka chochote nyumbani miaka yao ya kazi, na waliokuwa wakienda kusalimia, walipokewa vizuri kuliko wale waliojitenga na kwao hadi siku ya mwisho ya mshahara. Hilo linafaa kushikwa na kila anayefikiria kuhama, maana karibu kila jambo litakalofuata, kuanzia shamba hadi msiba, linategemea jinsi mtu alivyoishi na watu wa kwao alipokuwa bado mjini.

Ardhi ndiyo hutangulia, na ndiyo huvunja undugu. Kwa anayerudi kwao, ardhi huwa ni shamba la ukoo. Kilimanjaro ni kihamba, Kagera ni kibanja. Kila mahali pana jina lake, ila hadithi hufanana. Wazazi walikuwa na ekari moja na nusu. Watoto wanne walikwenda mjini, mmoja akabaki. Huyo aliyebaki ndiye aliyewauguza wazazi, akawazika, akapogoa kahawa, akalipa michango ya kijiji kwa jina la ukoo mzima. Miaka ishirini baadaye kaka yake anashuka kwenye basi na mkoba wa nyaraka na kusema amekuja kuchukua sehemu yake. Kwa mila ana haki. Aliyebaki naye ana haki, ingawa yake haijaandikwa popote. Mipaka huwa ni masale yaliyopandwa na babu, na sale likihamishwa hatua mbili usiku, hakuna ramani ya kulirudisha.

Njia inayosaidia ni kuitisha kikao cha ukoo kabla ya kuhama, si baada ya kufika. Kikao kifanyike wakati wazee wanaojua mipaka bado wapo hai, kiandikwe muhtasari, na wote watie saini. Mchango wa aliyebaki uthaminiwe hapo hapo: pengine aongezewe sehemu, au miti aliyoipanda ihesabiwe kuwa yake. Kisha mipaka itembewe kwa miguu, majirani wa pande zote nne wakiwepo, na kila upande wapigwe picha wakiwa wamesimama mpakani. Baada ya hapo familia iombe Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa halmashauri ya kijiji. Si vema kutegemea kwamba shamba la urithi haliozi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, shamba lisilokaliwa wala kutumiwa kwa miaka isiyopungua mitano linaweza kuhesabiwa kuwa limetelekezwa, baada ya notisi kutolewa. Sheria ya Ukomo wa Madai nayo huweka miaka 12 kwa anayetaka kurudisha ardhi mahakamani. Mtu aliyemwachia jirani alime “kwa muda” tangu 2005 bila karatasi yoyote ana kesi ngumu.

Anayenunua mahali asipo na asili ana hatari nyingine. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaizuia kugawa ardhi bila ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Barua ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji na saini za mashahidi wawili waliokunywa soda ya muuzaji haitoshi, hata kama ndiyo desturi. Mnunuzi aombe kuuona muhtasari wa mkutano uliopitisha jambo hilo. Aulize kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, na kama eneo lile limetengwa kwa malisho au msitu. Ekari za bei rahisi kupita kiasi huwa na sababu, na aghalabu sababu ni wafugaji wanaopita hapo kila kiangazi. Aangalie pia mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, na bustani nyingi za ndoto zimechorwa humo humo.

Wanawake wanaorudi husikia mara kwa mara kwamba binti harithi ardhi ya baba. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kuijua sheria ni jambo moja, kuishi na kaka baada ya kuitumia ni jingine. Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao wasiopungua watatu ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Anayekimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya akiwa na wakili kutoka mjini huweza kupata shamba na kukosa mtu wa kumsalimia. Usuluhishi ukishindikana, basi aende huko bila kuona haya.

Baada ya ardhi huja fedha, na hapa wengi huumizwa na kilimo cha kwenye karatasi. Hesabu zinazozunguka kwenye simu za watu wa mjini huonyesha ekari moja ya mahindi ikitoa gunia 25 au 30. Mavuno hayo yapo, kwa mwenye mbegu chotara, mbolea ya kutosha, mvua iliyokaa vizuri na uzoefu wa udongo wake. Mkulima wa kawaida wa Tanzania hupata chini ya tani mbili kwa hekta, yaani chini ya gunia nane za kilo 100 kwa ekari. Parachichi za Hass zilizobebeshwa, zinazopendwa sana Njombe na Rungwe, huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu na huchukua miaka zaidi kufikia mavuno kamili. Kahawa nayo ni miaka mitatu. Mipaina ya Mufindi huhitaji miaka 15 na zaidi. Aliyetia mafao yake yote kwenye miche hana cha kula wakati miche inakua, na ndiye anayeonekana mwaka wa pili akiuza nusu ya shamba kwa bei ya hasara.

Mtumishi wa umma anayestaafu hapati mafao yote kwa mkono mmoja. Tangu mabadiliko yaliyotangazwa kwenye bajeti ya 2024, mkupuo ni asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye kikokotoo cha zamani cha asilimia 50, na 35 kwa waliokuwa kwenye asilimia 25. Kinachobaki huja kama pensheni ya kila mwezi. Pensheni hiyo ndogo, inayodharauliwa mjini, kijijini ni nguzo, kwa sababu jirani anayetegemea mavuno hana kitu kama hicho mwezi wa Februari. Busara ni kuacha pensheni ilishe nyumba, na kutenga kwanza katika mkupuo gharama za misimu miwili mizima kabla ya kununua hata jembe. Msimu wa kwanza mtu akodi ekari moja tu na kuilima mwenyewe pamoja na vibarua. Atajua palizi huanza lini, nani hupima ngwe kwa haki na nani hupunguza hatua, dalali yupi hulazimisha lumbesa, na bei huanguka kiasi gani wiki ya mavuno. Elimu hiyo haiuzwi popote, na ekari moja ikiharibika haimfilisi mtu.

Pengine ujuzi wa mjini hulipa upesi kuliko shamba. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimefika maelfu ya vijiji, na ada ya kuunganishiwa vijijini imewekwa shilingi 27,000. Kijiji chenye umeme kinahitaji fundi wa kuchomelea, fundi wa simu na friji, mshonaji, kinyozi, mwenye mashine ya kukoboa. Muuguzi mstaafu anayeweza kupima presha, au mwalimu mstaafu wa hesabu anayefundisha jioni, hupata heshima ambayo ekari kumi za alizeti hazimpi.

Nyumba isitangulie. Miteremko ya Kilimanjaro imejaa majumba yenye vioo na vigae yanayofunguliwa Desemba tu, na fedha iliyolala ndani yake ingeweza kuwalisha wenyewe miaka mingi. Vyumba viwili, choo kizuri na tanki la maji ya mvua vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Mwenye presha au kisukari apime kabla ya kuhama umbali wa kituo cha afya chenye dawa zake, na nauli ya bodaboda usiku wa mvua.

Watoto huguswa zaidi ya watu wazima, na huulizwa mwisho. Mtoto aliyesoma kwa Kiingereza katika shule binafsi akiingizwa shule ya msingi ya serikali hukutana na masomo yale yale kwa Kiswahili, darasa kubwa na kazi za mikono. Wengi huzoea, lakini ahamishwe Januari, asihamishwe katikati ya mwaka wa mtihani wa taifa. Mke naye, katika jamii zinazofuata ukoo wa baba, anahamia kwa watu: kwa mama mkwe, kwa mawifi, kwenye shamba lisilo na jina lake. Mume anayesema “tunarudi nyumbani” akumbuke kwamba nyumbani ni kwake peke yake. Hati ya kimila huweza kuandikwa kwa majina ya wote wawili, na kuiandika hivyo ni kinga iliyo bora kuliko ahadi ya shemeji. Mume akifariki kabla ya hilo kufanyika, mjane mara nyingi huombwa aondoke hata kabla ya arobaini.

Yote hayo hupangika kwa karatasi na fedha. Kisichopangika hivyo ni ujirani, nao ndio humaliza au kuokoa maisha ya kijijini. Mfano wake ulio wazi ni msiba. Habari ikitoka alfajiri, vijana huchukua sululu kwenda kuchimba kaburi, wanawake hujitwika kuni, maji, unga na maharage, wazee hukaa chini ya mti kupanga. Hakuna anayetangaza majina, lakini kila mtu anajua nani alishika jembe na nani alifika mchana akiwa na miwani. Mtu aliyetoka mjini ambaye anatuma shilingi 50,000 kwa simu huku amekaa sebuleni kwake, mita mia mbili kutoka msibani, pesa yake hupokelewa na kuandikwa daftarini kwa shukrani. Siku akifiwa yeye, naye hutumiwa pesa.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza ni wa kuhudhuria: misiba, harusi, ibada, kazi za pamoja za barabara na zahanati, na Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Kwenye mkutano huo mtu aliyekuwa mkurugenzi mjini ataitwa kwa jina lake la utotoni na mzee aliyemchunga, na inampasa kuitika na kutoa shikamoo. Akae kimya kidogo. Kijiji kimewaona wengi waliofika na kusema “huku mambo yenu bado ya kizamani”, wakagombea uenyekiti miezi sita baadaye, wakashindwa, wakaondoka na kinyongo. Ushauri ukiombwa utolewe; usipoombwa, usubiri. Michango ilipwe kama wengine, wala isizidishwe kwa mbwembwe, kwa kuwa anayetoa mara tano mwaka wa kwanza atadaiwa mara tano maisha yake yote.

Jambo moja linastahili tahadhari ya pekee. Mifugo ikifa au mtoto akiugua, watatokea wa kumnong’oneza mgeni kwamba shangazi fulani hakufurahia kurudi kwake. Huko Usukumani tuhuma za uchawi zimewaua wanawake wazee wengi, na sheria ya uchawi iliyoanza 1928 inamfanya mtuhumu kuwa mkosaji. Maneno hayo yaishie kwenye sikio la aliyeambiwa, na mgonjwa apelekwe zahanati.

Kijiji chenyewe hupata na hupoteza. Kinapata walimu na wauguzi wastaafu, watu wasioogopa kumuuliza mtendaji risiti, na wateja wa maziwa na mayai. Kinapoteza fedha zilizokuwa zikitumwa, kwa maana aliyekuwa akilipa ada za wapwa sasa anahitaji kibarua. Bei ya ekari hupanda, na kijana wa miaka 25 aliyetarajia kununua shamba la jirani hulikosa. Anayelipa ngwe zaidi ya kiwango cha kijiji, kwa huruma au kwa kutojua, huwapandishia wenzake gharama za palizi na kuambiwa anaharibu. Aulize kiwango kwanza, na kama anataka kuwasaidia vibarua, awape chakula cha mchana.

Mzigo mzito kuliko yote ni wa wanaorudi wakiwa wagonjwa. Kagera iliujua mapema: wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa huko 1983, na katika miaka iliyofuata vijana waliokuwa mijini walirudi kuuguzwa na mama zao na bibi zao, kisha wakaacha wajukuu. Leo wanaoletwa ni wenye kiharusi, saratani na figo, lakini wauguzaji ni wale wale: mama, dada, mke wa kaka. Familia inayomleta mgonjwa kijijini ikae kwanza na kugawana kazi na gharama kwa majina na kwa mwezi, pamoja na malipo ya msaidizi, badala ya kumshusha mgonjwa uani na kuondoka na basi la asubuhi.

Anayefikiria kuhama aanze wakati mshahara bado unaingia: aende kwao walau mara mbili kwa mwaka nje ya Desemba, akodi ile ekari moja, aitishe kikao cha ukoo, apande miti yenye kuchelewa kuzaa sasa. Nyumba au kiwanja cha mjini kisiuzwe kabla ya mavuno ya msimu wa pili. Kipangishwe, kodi yake ikasaidie shamba. Baada ya misimu miwili, wanaoona mambo hayaendi warudi mjini bila fedheha, maana wana pa kufikia.